Asili ya neno «evil», na kwa nini si kila «evil» ni uovu

Msomaji mmoja, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, ameniandikia akiuliza mambo matatu yanayokwenda pamoja. Amesikia mahubirini kwamba neno evil ni neno live lililoandikwa kinyumenyume, na kwamba devil ni evil hilohilo lililotanguliwa na herufi d. Anataka kujua kama hiyo ndiyo asili yake. Pili, wanafunzi wake wamesoma katika Biblia ya Kiingereza cha zamani, Isaya 45:7, kwamba Mungu anaumba evil, nao wakamwuliza kama Mungu ndiye aliyeumba uovu. Mwisho anaomba neno moja la Kiswahili ambalo wanafunzi wanaweza kulitumia kila wanapokutana na evil katika kazi zao za tafsiri.

Mwalimu, nianze na la mahubirini. Neno evil halikutokana na live, wala devil halikutokana na evil. Kinachofanana hapo ni herufi za tahajia ya leo tu, na tahajia hiyo ni changa kuliko maneno yenyewe kwa karne nyingi. Miaka 1,000 iliyopita Mwingereza aliyetaka kusema evil alisema yfel, aliyetaka kusema kuishi alisema libban au lifian, na aliyemtaja Shetani alisema deofol. Yaandike maneno hayo ubaoni, uyageuze utakavyo, na hutaona moja likizaa jingine. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiingereza, kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi: kuishi kwa Kijerumani ni leben, na ukiligeuza unapata Nebel, ambalo ni neno la kila siku la ukungu. Hakuna Mjerumani anayedhani kwamba ukungu ni kinyume cha uhai. Mhubiri anayetumia mchezo wa herufi ili waumini wakumbuke somo lake hana kosa. Lakini akisema kwamba ndivyo neno lilivyozaliwa, mwalimu wa lugha ana wajibu wa kusahihisha, kwa sababu mwanafunzi akizoea kutafuta asili ya maneno kwa kupanga herufi upya, hataona tena haja ya kutafuta ushahidi.

Neno devil lina historia yake kamili, na inafaa kuijua kwa kuwa sehemu yake imefika hadi kwetu. Chanzo chake ni diabolos la Kigiriki, kutoka kitenzi diaballein, ambacho kwa asili ni kurusha kitu kikavuka upande wa pili, na kwa matumizi kikawa kumsingizia mtu au kumchongea. Diabolos basi ni mchongezi. Wayahudi waliotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki kabla ya Ukristo walilitumia neno hilo mahali pa satan la Kiebrania, ambalo maana yake ni mpinzani au mshitaki, na ambalo ni ndugu wa shaytan la Kiarabu lililotupatia shetani. Kanisa la Kilatini lililichukua neno la Kigiriki likawa diabolus, na wamisionari wakalifikisha Uingereza. Kuhusu Ibilisi wetu, wataalamu wengi wa Ulaya wa lugha za Kisemiti huona kwamba Iblis la Kiarabu nalo ni diabolos lililobadilika sura, ilhali wanazuoni wa Kiarabu hulihusisha na kitenzi ablasa, yaani kukata tamaa, kwa kuwa Ibilisi amekata tamaa na rehema ya Mungu. Kwa njia yoyote utakayoifuata, katika ukoo huo wote evil halimo. Hali ni hiyohiyo kwa God na good, ambayo watu hupenda kuyaunganisha: katika Kiingereza cha kale yalitofautiana kwa urefu wa irabu, na kila moja lina mizizi yake.

Sasa tuje kwa yfel lenyewe. Halikuwa neno la Waingereza peke yao. Wajerumani wa kale walisema ubil, leo ni übel. Waholanzi leo wana euvel. Na Wagothi, waliokaa karibu na mto Danube, walisema ubils. Hawa wa mwisho ndio wenye ushahidi wa zamani zaidi, kwa sababu askofu wao Wulfila aliwatafsiria Biblia katika karne ya 4. Nakala maarufu ya tafsiri hiyo, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, imehifadhiwa Uppsala nchini Sweden, na ndani yake, mwishoni mwa Sala ya Bwana, tunasoma af thamma ubilin. Mtu anayejua Kiingereza cha leo tu hawezi kulitambua, lakini ndilo evil lile lile. Kwa kulinganisha sura hizo, wanaisimu wamejenga upya neno mama, ubilaz, lililosemwa kaskazini mwa Ulaya kabla watu wa huko hawajaanza kuandika.

Zaidi ya hapo rai zimegawanyika. Kundi moja linaliunganisha neno hilo na mzizi wa kale uliozaa up na over katika Kiingereza, wenye maana ya juu na ya kupita, kwa hiyo kitu kiovu kingekuwa kile kinachovuka mpaka au kupita kiasi. Kundi jingine linatazama Anatolia, Uturuki ya leo, ambako Wahiti waliacha vibao vya udongo vya milenia ya 2 kabla ya Kristo vyenye neno huwapp-, ambalo ni kutenda vibaya, na linasema kwamba ubaya ulikuwamo ndani ya mzizi tangu mwanzo. Rai ya kwanza inapendwa zaidi na wahubiri na waandishi wa vitabu vya maadili kwa sababu inatoa funzo zuri la kutovuka mipaka. Mimi ningekushauri usiifundishe kama jambo lililothibitishwa. Kilicho imara ni ubilaz. Kinachokuja kabla yake ni makisio ya wasomi, hata kama ni makisio yenye hoja.

Matamshi nayo yana kisa, ingawa kifupi. Herufi y ya yfel ilitamkwa kwa kuviringisha midomo kama mtu anayesema u huku ulimi ukikaa mahali pa i, na f iliyo katikati ya irabu mbili ilisikika kama v. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, sauti hiyo ya y ilibadilika kwa namna tofauti katika kila pande: magharibi watu waliandika uvel, kaskazini ivel, na Kent, kusini-mashariki, evel. Tahajia iliyoshinda ni ya e, na irabu yake iliporefushwa tukapata matamshi ya leo.

Ninataka tukae zaidi kwenye maana, maana hapo ndipo majibu ya maswali yako mawili yaliyobaki yanapopatikana. Katika Kiingereza cha kale, yfel lilikuwa neno la jumla la kila kisichofaa. Tendo la dhuluma lilikuwa yfel, lakini na ugonjwa pia, na hasara, na tunda lisilolika, na mnyama wa hatari. Lilifanya kazi ambayo leo inafanywa na bad, na ushahidi wake umebaki katika sarufi ambayo wewe unaifundisha kila mwaka. Wanafunzi huuliza kwa nini bad linapolinganishwa huwa worse na worst badala ya kufuata kanuni. Jibu ni kwamba worse na worst hayakuwa ya bad. Yalikuwa ya evil: yfel, wyrsa, wyrsta. Neno bad linaanza kuonekana katika maandishi mwishoni mwa karne ya 13, asili yake ikiwa bado inabishaniwa, na lilipochukua nafasi ya evil katika mazungumzo ya kila siku lilirithi na viambatanisho vyake.

Neno jingine lililoingia ni ill, lililoletwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza, kutoka illr la lugha yao. Kwa macho linafanana na evil, lakini wanaisimu hawayahesabu kuwa ndugu. Hilo ndilo lililochukua polepole upande wa magonjwa. Evil basi likawa kama mwenye nyumba kubwa aliyepangisha vyumba kimoja baada ya kingine: bad likachukua sebule, ill likachukua chumba cha wagonjwa, naye akabaki na chumba cha ndani kabisa, cha uovu wa moyo na wa makusudi. Neno wicked, ambalo wanafunzi hulichanganya na evil, halijawahi kuwa na nyumba kubwa hivyo. Linahusishwa na wicca, neno la kale la mchawi, na tangu lilipoanza kuandikwa lilihusu zaidi watu na matendo yao.

Hamahama hiyo ilichukua karne nyingi, na vyumba vya zamani havikufungwa kwa siku moja. Mfano mzuri ni ugonjwa ulioitwa the king's evil. Ulikuwa kifua kikuu cha tezi za shingo, ambacho huvimbisha shingo na kutoa vidonda, na watu wa Uingereza na Ufaransa waliamini kwamba mfalme akimgusa mgonjwa kwa mkono wake atapona. Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1660 hadi 1685, aliwagusa watu zaidi ya 90,000, na mgonjwa alivalishwa shingoni kipande cha dhahabu. Malkia Anne ndiye wa mwisho kufanya hivyo Uingereza. Mwaka 1712 alimgusa mtoto mdogo aliyeitwa Samuel Johnson, ambaye baadaye, mwaka 1755, alitoa kamusi mashuhuri ya Kiingereza. Anne alipofariki mwaka 1714, aliyemfuata, George wa Kwanza, hakuendeleza desturi hiyo. Anayesoma habari hizo kwa maana ya leo ya evil atadhani ni uovu wa mfalme, kumbe ni ugonjwa ambao mfalme aliaminiwa kuuponya.

Hapo ndipo linapoingia swali la Isaya. Biblia ya King James ilitolewa mwaka 1611, na lugha yake ilikuwa na ladha ya zamani hata kwa wasomaji wa siku zile. Evil yake bado ni ile pana, na inafanya hivyo kwa sababu nzuri, kwa kuwa neno la Kiebrania linalotafsiriwa, ra, nalo ni pana vilevile. Fungua Yeremia sura ya 24, ambapo nabii anaonyeshwa vikapu viwili vya tini. Kiingereza cha 1611 kinaziita tini za kikapu cha pili evil, very evil, that cannot be eaten. Hakuna atakayesema tini zilitenda dhambi. Biblia yetu ya Union Version imeandika tini mbovu, na hivyo ndivyo muuza matunda yeyote wa sokoni angesema. Nenda Mwanzo 37, pale ndugu zake Yusufu wanapopanga uongo wa kumwambia baba yao. Kiingereza kinasema evil beast. Kiswahili kinasema mnyama mkali. Neno la Kiebrania ni lilelile katika sehemu zote mbili, na la Kiingereza ni lilelile, lakini watafsiri wetu walitazama kinachozungumzwa wakachagua mbovu hapa na mkali kule.

Sasa soma Isaya 45:7 kwa jicho hilo. Sura inaanza kwa kumtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, ambaye Mungu anasema amemshika mkono ili kutiisha mataifa mbele yake. Mazungumzo ni ya vita, ya falme kuanguka na nyingine kusimama. Katika mstari wenyewe kuna jozi mbili: nuru na giza, kisha shalom na ra. Jozi ya pili ndiyo ufunguo. Kinyume cha shalom, yaani amani na hali njema, si dhambi ya moyoni. Ni balaa, msiba, maangamizi ya vita. Ndiyo maana tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zimeliacha evil hapo, nyingine zikiandika disaster, nyingine calamity, nyingine woe. Union Version inasema «mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya», na ninaona kwamba uchaguzi huo ni wa busara kubwa. Watafsiri walikuwa na neno uovu mkononi, wakaliacha. Ubaya kwa Kiswahili unaweza kuwa wa mtu, wa hali ya hewa, wa mwaka wa njaa, wa habari zilizoletwa usiku, hauhitaji nia. Kwa hiyo wanafunzi wako waliosoma kwa Kiingereza walikwama mahali ambapo wangesoma kwa Kiswahili wangepita bila kujikwaa sana. Waambie kwamba mstari huo unadai Mungu ana mamlaka juu ya neema na juu ya maafa, jambo ambalo lenyewe ni zito na linatosha kujadiliwa, lakini haudai kwamba yeye ndiye mtunzi wa hila za moyo wa mwanadamu.

Agano Jipya lina mambo yake, kwa sababu Kigiriki kina maneno mawili yanayogombea nafasi hiyo, kakos na poneros. Katika Mathayo 6:34 tunasoma kwa Kiingereza sufficient unto the day is the evil thereof, na hapo Kigiriki ni kakia kwa maana ya taabu za siku. Union Version imeandika «yatosha kwa siku maovu yake», na hapa, kwa heshima yote, naona neno maovu limekuwa zito kupita kiasi. Taabu au shida lingefaa zaidi, na tafsiri za baadaye zimeelekea huko. Kwa upande mwingine, katika 1 Timotheo 6:10 Kiswahili kimefanya vizuri kuliko Kiingereza cha 1611. Kiingereza kilisema kupenda fedha ni the root of all evil, kana kwamba uovu wote duniani una mzizi mmoja. Kigiriki kina wingi, mabaya, tena hakina neno linalolazimisha kwamba mzizi ni huo pekee. Kiswahili kinasema «shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha». Moja kati ya mashina, na mabaya ya namna nyingi.

Poneros linatokana na neno la Kigiriki la taabu na kazi ngumu, likawa linamaanisha kitu kinacholeta taabu, kisha mtu mwenye nia mbaya. Katika Mathayo 20:15 mwenye shamba la mizabibu anamwuliza kibarua anayelalamika, kwa maneno ya Kiingereza, is thine eye evil, because I am good? Mwanafunzi wa London wa leo anahitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili aelewe kwamba jicho hilo ni la wivu. Mwanafunzi wa Tanga au Lamu hahitaji. Sisi tunasema mtu ana kijicho, na kila mtu anajua kwamba macho yake hayana ugonjwa.

Mahali palipoleta mjadala mrefu zaidi ni mwisho wa Sala ya Bwana. Kigiriki ni apo tou ponerou, na kwa umbo lake inaweza kusomwa kwa namna mbili: kutoka katika ubaya, au kutoka kwa yule mbaya. Waingereza wa kale walisali ac alys us of yfele. Biblia ya Wycliffe ya karne ya 14 ina fro yuel. King James ina from evil. Zote zikiuacha mlango wazi. Kiswahili kilibidi kichague, kwa sababu ngeli zetu hazituruhusu kuficha kama tunamzungumzia mtu au jambo. Waprotestanti wanaofuata Union Version husema «utuokoe na yule mwovu», nao Wakatoliki husali «utuopoe maovuni». Nimewasikia watu wakibishana kuhusu tofauti hiyo kana kwamba upande mmoja umeharibu sala. Hakuna aliyeharibu. Kila upande umechukua usomaji mmoja kati ya miwili ambayo Kigiriki kinairuhusu. Wajerumani nao walipitia hapo: Martin Luther, katika karne ya 16, aliandika von dem Übel, kutoka katika ubaya, lakini sala inayotumika makanisani huko leo inasema von dem Bösen, ambayo yaweza kuwa uovu au yule mwovu.

Badiliko hilo la Wajerumani linatuonyesha jambo la ajabu katika ukoo wa evil. Übel na evil ni ndugu wa tumbo moja, lakini walipokua walifuata njia tofauti. Mjerumani akisema mir ist übel hakiri kwamba amekuwa mwovu. Anasema anasikia kichefuchefu. Mholanzi akitaja euvel kwa kawaida anamaanisha kasoro au hitilafu. Ndugu hao walibaki upande wa mateso na kasoro, na uovu wa makusudi Wajerumani wakaupa neno jingine, böse. Kiingereza kilifanya kinyume: evil likaenda upande wa nia, na mateso yakaachiwa maneno mengine. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu alichotoa mwaka 1788, aliona kwamba lugha yake ina bahati, kwa kuwa pale Kilatini kilipokuwa na neno moja tu, malum, Kijerumani kina mawili, moja la uovu wa nia na moja la madhara yanayompata mtu, kwa hiyo fikra hizo mbili haziwezi kuchanganywa kwa urahisi.

Kiswahili kina bahati hiyohiyo, nami naamini tunaitumia kidogo kuliko inavyostahili. Tazama -ovu. Ni shina moja na -bovu, na yote mawili yametoka katika mzizi wa Kibantu wa kuoza, uleule uliotupa kitenzi hicho. Embe likioza ni bovu. Moyo wa mtu ukioza, yeye ni mwovu. Uovu basi ni kuharibika kwa ndani, na ndiyo maana ulimi wa Mswahili unasita kusema tetemeko la ardhi ni ovu. Tetemeko ni baya, ni balaa, ni janga, ni maafa. Kando ya hayo tuna shari kutoka Kiarabu, ambalo limekaa mahali pana palepale palipokuwa pa yfel. Katika sura ya Al-Falaq muumini anajikinga na shari ya alivyoviumba Mungu, ya giza la usiku, ya wanaopulizia mafundoni na ya hasidi anapohusudu. Vitu vyenye nia na visivyo na nia vimewekwa pamoja chini ya neno moja. Pickthall, aliyetafsiri Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930, aliandika evil hapo, na msomaji wa Kiingereza anapaswa kuisoma kwa upana wa kale.

Ukiyaweka haya pamoja, Mwalimu, utaona kwa nini siwezi kukupa neno moja uliloliomba. Ningewafundisha wanafunzi waulize kwanza kama kinachoitwa evil kina nia. Ikiwa ni mtu au tendo lake la makusudi, uovu na mwovu yatafaa karibu kila mara katika Kiingereza cha leo. Rais George W. Bush alipoziita Iraq, Iran na Korea Kaskazini axis of evil mwezi Januari 2002, alikusudia kusema kwamba tawala hizo zina nia ya kudhuru, na uovu ndilo neno. Ikiwa kinachozungumzwa hakina nia, au maandishi ni ya karne ya 17 kurudi nyuma, waanze na ubaya, balaa, taabu, madhara, kisha wachague kwa kutazama sentensi. Misemo iliyokwisha kukomaa waitafutie misemo yetu: the lesser of two evils haihitaji kutafsiriwa neno kwa neno wakati Waswahili tangu zamani husema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Pahali pagumu zaidi watakapofika, hasa wakiendelea hadi chuo kikuu na kusoma falsafa au theolojia, ni lile swali linaloitwa the problem of evil: inakuwaje dunia iliyoumbwa na Mungu mwema na mwenye uwezo wote ina evil? Mara nyingi huandikwa kwa Kiswahili kuwa tatizo la uovu, na hapo msomaji hupotea kuanzia ukurasa wa kwanza. Swali hilo tangu mwanzo limehusu mateso pamoja na dhambi. Leibniz, aliyeliandikia kitabu kizima mwaka 1710, alitenganisha ubaya wa kimaadili, ambao ni dhambi, na ubaya wa kimaumbile, ambao ni maumivu na mateso, na akaongeza wa tatu unaotokana na upungufu wa asili wa kila kilichoumbwa. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipoibomoa Lisbon na kuwaua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa makanisani, wasomi wa Ulaya walibishana upya juu ya swali hilohilo, ingawa hakuna mwovu aliyeisukuma ardhi. Mimi huandika tatizo la ubaya, na mara ya kwanza neno hilo linapotokea naongeza kwamba linajumlisha uovu wa watu na maafa ya maumbile. Mwanafunzi aliyeanza na tatizo la uovu atakapofika Lisbon atauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyekosa.